Kuku wa Meno ya Deusi

Siku ile ya kuku naikumbuka kuliko siku zote nilizofaulu mtihani, na usiniulize hizo za kufaulu ni ngapi. Kaa hapa, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa niko kidato cha tatu na bado natolewa darasani kwa kucheka, kwa sababu nimetapikiwa mgongoni kuliko wazee wengi wa Murusagamba, na jambo hilo linazeesha.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Ni ile miaka ambayo barabara yetu ilijaa malori ya chakula cha wakimbizi, vumbi lake likaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage. Baba alikuwa amepata kazi ya ulinzi kambini, akawa anakuja nyumbani mara chache, na kila akija analeta sabuni. Sabuni hiyo ilitufaa sana, maana Mama alikuwa amemzaa mdogo wangu Deusi, na Deusi alikuwa bomba la maji.

Watoto wengine wanacheua kidogo kidevuni, watu wanafuta, maisha yanaendelea. Huyu ananyonya, anatulia, mnampongeza. Ukimlaza tu, maziwa yote yanarudi kwa mdomo na pua, yameshachacha. Kisha anapinda mgongo kama upinde na kulia kilio cha mtu aliyekula pilipili akidhani ni nyanya. Mimi nikampa jina la Bomba. Nilijiona nimechekesha sana. Mama hakucheka.

Kanga zake zote zilinuka maziwa yaliyolala. Kanisani aliacha kwenda tangu Deusi alipommwagia mke wa katekista kwenye gauni la Pasaka. Majirani wakaja kumpa pole, na katikati ya pole wakamwambia kwamba maziwa yake yameharibika. Walimwambia hivyo huku wanakunywa uji wake. Yeye akawaongezea uji. Alilala ameketi, mtoto kifuani, mgongo ukutani. Jioni moja nilimkuta nyuma ya jiko amemkumbatia Deusi, anamwomba msamaha. Anamwomba msamaha mtoto ambaye hata jina lake halijui! Nilikuwa nimekuja na utani mpya kuhusu Bomba. Nikarudi nao nilikotoka.

Sasa Bibi, mama yake Baba, akamtia Deusi kidole mdomoni, akapapasa ufizi, akakuta pamevimba. Akasema ni meno ya plastiki. Wewe mwanangu labda utacheka, ila kwetu wakati ule kila mtu aliyajua: meno meupe, laini, yanayojificha ndani ya ufizi na kumtapisha mtoto mpaka afe, yasipochimbwa. Na ng'ambo ya bonde alikuwepo mzee wa kuyachimba, kwa spoki ya baiskeli aliyoinoa. Ujira wake ni kuku. Usimfikirie Bibi vibaya. Alikuwa amezika watoto wawili, na kila Deusi alipotapika nilimwona anahesabu kwa macho pale walipolala.

Basi tukaondoka asubuhi. Bibi mbele na fimbo yake, Mama na mtoto, mimi nyuma na kuku kwapani. Katika msafara ule aliyekuwa na raha ni kuku peke yake.

Kwenye njia panda walikuwa wamekaa akina mama wa kambini wanaobadilisha unga wa njano kwa ndizi. Mama akainama kuwasalimu, na Deusi akafungulia bomba. Yote yakaingia kwenye unga wa mama mmoja, Mrundi, mtu mzima kidogo. Nikasubiri matusi. Nilitaka hata nijifunze machache. Lakini yule mama akakung'uta unga ulioloa, akampokea Deusi, akamsimamisha begani na kumpigapiga mgongo taratibu. Deusi akabeua kama mzee aliyetoka harusini. Kilio kikakatika.

Kihangaza chetu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani. Akauliza tunakwenda wapi. Bibi akamweleza, kwa fahari kidogo, maana alikuwa mtu anayejua la kufanya. Yule mama akamtazama kuku, kisha Mama.

"Wangu nilimpeleka," akasema. "Alikuwa anatapika hivi hivi. Walipoyatoa, damu haikukata, ufizi ukaoza. Nilimzika kabla hatujavuka mpaka. Na kutapika hakukuacha, dada. Alitapika mpaka siku ile."

Bibi akasema labda mchimbaji wao hakuwa fundi.

"Alikuwa fundi sana, mama yangu. Alichimba watoto wa kilima chetu chote."

Mama akamchukua mtoto wake. Mimi sikuwahi kumsikia akimpinga mama mkwe wake, hata kwenye chumvi ya mboga.

"Mama, mimi nageuza naye."

"Na akifa?"

"Akifa nitalia. Lakini sitakuwa nimemshika mikono wakati anachimbwa."

Bibi akageuka, akashika njia ya nyumbani peke yake, fimbo inagonga mawe. Yule mama Mrundi akafunga unga wake na kutupeleka zahanati ya kambi, ambayo ilitutibu hata sisi wenyeji. Muuguzi akampima Deusi uzito, akakuta uzito unalingana na umri wake. Akamweleza Mama kwamba mlango wa juu wa tumbo la mtoto bado umelegea, maziwa yanapanda na uchachu wake na kumuunguza kifuani, ndiyo maana analia akilazwa. Amnyonyeshe kidogo kidogo, ambeulishe, amshike wima kwa muda kabla ya kumlaza. Maziwa yake hayana kasoro yoyote. Uvimbe ule ni meno ya kawaida yanayokuja. Ila akitapika kijani au damu, akikataa ziwa, akikonda au akipata homa, aletwe mbio.

Aliposikia hayo ya maziwa, Mama akalia. Muuguzi alidhani hajaelewa, akaanza kurudia. Tulipotoka Mama akanichukulia kuku kwapani na kumpa yule mama. Alikataa, Mama akakataa kukataliwa.

Deusi hakupona kesho yake. Ukitaka hadithi ya kupona kesho yake, tafuta mzee mwingine. Tulimbeba wima kwa zamu, na zamu yangu mara zote iliangukia nguo safi. Bibi alinuna. Kisha siku moja, Mama alipomaliza kunyonyesha, Bibi akanyoosha mikono. Akatembea na Deusi kifuani kati ya migomba, akimsimulia ng'ombe waliokufa zamani. Tangu hapo zamu hiyo hakumwachia mtu. Deusi alipoanza kukaa na kula vyakula, bomba likapungua, likafunga.

Chonge zikatoka baadaye, pale pale palipopapaswa. Siku hiyo Bibi alikuwa anamlisha kiazi. Akatulia, akatazama kidole chake, akamwita Mama kwa jina langu, aje haraka.

"Mama Koleta, ameniuma. Kwa yale yale."

Wakakaa chini wote wawili, wanacheka, na Bibi akawa anajifuta macho kwa mkono ule uliong'atwa.

Sasa sikia, mwanangu. Ukipata mtoto wa namna hii, msimamishe, mnyonyeshe taratibu, mpeleke apimwe, na ufizi wake uuache uendelee na kazi yake. Ukimkuta mama wa mtoto wa namna hii, usimchunguze maziwa. Mpokee mtoto, umwache mama alale hata kidogo, na ukitapikiwa nyamaza. Mungu akupe watoto wenye meno yao yote, akupe na sabuni ya kutosha, na siku moja wakuume kidole ukiwa mzee, ucheke mpaka ulie.