Jina Chini ya Picha

Isaya ni dereva wa watalii, na dereva wa watalii ana ugonjwa wake: hata akimpeleka mama yake mzazi mahali, mguu hautoki kwenye pedali ya mafuta. Siku ile wageni walikuwa wanamsubiri kule Rhotia, naye alikuwa amempakia mama yake kwenda kuona picha.

Picha hiyo aliigundua mwenyewe katika makumbusho madogo pale Karatu, ile nyumba ya mawe aliyokaa mkoloni, yenye baraza pana na sakafu ya mbao inayolia. Ukutani yumo morani kijana, amesimama kwenye baraza hiyohiyo, ana kovu kidevuni. Isaya alipomsimulia mama yake habari ya kovu, mama wa watu alisema neno moja tu, "Nipeleke."

Alipofika hakulia. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kaka yangu," alisema. "Alikufa kabla hajaoa."

Piusi, mtunzaji wa makumbusho, Mwiraki wa Ganako, nusura aruke kwa furaha. "Mama, jina lake tumelitafuta mpaka tumechoka! Aliitwa nani?"

Mama akatikisa kichwa. Kwao Wamaasai jina la marehemu halitajwi ovyo, maana kulitaja ni kumwita. Na aliyekufa bila mtoto, jina lake huzikwa naye. Isaya alilijua hilo fika, lakini aliona aibu mbele ya Piusi.

"Yeyo," alimwambia mama yake, "hayo mambo ya kizamani. Taja tu, twende."

Hakutaja. Alitoka, akaketi barazani, akapigapiga ubao kando yake. "Kaa hapa, mwanangu. Nitakuambia wewe, sikioni. Wewe utaamua umtajie huyu au usimtajie."

Simu ya Isaya ikaita. "Tutaongea nyumbani, Yeyo. Wageni wananisubiri."

Haraka haraka haina baraka, ila nenda kamwambie hivyo dereva wakati wa msimu wa wageni. Wale walipoondoka walikuja wengine, na wengine tena. Masika yalipoanza mama alifariki usingizini, huko kwao Ngorongoro, Isaya akiwa chini kwenye kreta anawaonyesha Wazungu faru. Aliuliza jina la mjomba wake mpaka kwa wazee wa Loliondo. Hakuna aliyelijua. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na mizigo yake akahamia kabisa.

Mwezi uliopita alirudi makumbusho, peke yake. Chini ya picha palikuwa bado pameandikwa: "Kijana wa Kimaasai. Jina halijulikani." Piusi alimpa pole, akachukua kalamu.

"Basi tuandike alitambuliwa na dada yake. Mama aliitwa nani?"

Isaya alifungua kinywa, ulimi ukamgomea. Yeye, bwana wa mambo ya kizamani! Tangu mazishi hakuwa amelitamka jina la mama yake hata mara moja, na sasa alijua kwa nini. Kulitaja ni kumwita. Akiitika, atamwambia nini?

"Andika Mama Isaya," alisema mwishowe.

Piusi akaandika: "Kaka yake Mama Isaya." Ndivyo inavyosomeka mpaka leo. Wawili waliostahili kutajwa pale hawana majina, na jina pekee lililo chini ya picha ni la yule aliyekuwa na haraka.