Matanga ya Klabu ya Stesheni

Miaka ya hamsini nilikuwa beki wa kushoto wa klabu ya kiwandani, pale Shinyanga. Siku zile mchezaji mwenye viatu alitazamwa kama mtu aliyeoa wake wawili. Mchana nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, jioni nilikuwa nikipiga miguu ya watu.

Klabu yetu ilikuwa ya vibarua wa kiwandani na mafundi cherehani wa sokoni. Mahasimu wetu walikuwa klabu ya stesheni, yaani makuli, wafanyakazi wa reli na wachuuzi waliokaa karibu nayo. Tulitenganishwa na reli moja na chuki ambayo hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Mtu wa stesheni hakushonesha suruali kwa fundi wetu, na sisi tulikuwa radhi kujinyoa kwa kisu cha jikoni kuliko kukalia kiti cha kinyozi wao.

Balaa langu ni kwamba nilikuwa nimeoa huko huko. Mke wangu alikuwa dada wa kapteni wa stesheni, jamaa mrefu, mtaratibu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Siku za mechi mke wangu alinipikia mapema, akanitakia heri, kisha akaenda kukaa upande wa kaka yake.

Stesheni walikuwa na mfadhili, mfanyabiashara aliyepakia ng'ombe kwenye mabehewa kuwapeleka pwani. Aliwavalisha jezi mpya, akawapangia nyumba ya bati wakaiita makao makuu, na ndani akaweka viti vya kukunja na gramafoni. Wakaanza kukodi lori kwenda kucheza Tabora na Mwanza, na wakirudi hata salamu zetu waliziitikia kwa mbali. Wivu ulitutafuna, ila sisi tuliuita msimamo. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani mfupi aliyependa sana hotuba, alituambia, "Sisi hatuchezi kwa ajili ya viti." Alikuwa amekalia gunia la mbegu za pamba.

Kisha ukaingia ugonjwa wa ng'ombe. Serikali ikatangaza karantini, mabehewa yakasimama matupu, na mfadhili yule akaondoka na treni ya asubuhi akiwa na sanduku moja. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba nyumba, jezi, lori, hata mpira wenyewe, vyote vilikuwa vimechukuliwa kwa mkopo kwa jina la klabu. Wenye mali wakaja, na nyuma yao akaja dalali na kengele yake.

Watu wa kiwandani tulikwenda kwenye ule mnada kama tunaokwenda harusini. Wengine walivaa kanzu. Mwenyekiti wetu alinunua ngoma kubwa ya washangiliaji wa stesheni, na kila bei ilipopanda aliwageukia wenyewe na kutabasamu. Golikipa wetu alinunua jezi tatu akasema kwa sauti kuwa zitamfaa kufutia baiskeli. Shemeji yangu alisimama pembeni, mikono nyuma. Hakununua kitu.

Mnada ungetosha kumridhisha mtu mwenye akili. Sisi haukututosha. Jumapili iliyofuata tuliunda jeneza la mabua ya mtama, tukalifunika kanga kuukuu, tukalibeba mabegani kutoka uwanjani hadi stesheni. Ngoma yao wenyewe ilitutangulia. Nyuma walifuata wanaume wazima, baba za watu, wakilia kwa sauti za kike na kujifuta machozi ambayo hayakuwapo. Mimi nilibeba mbele, upande wa kulia. Tulipita kila mlango tuliotaka kuupita, na mlango wa shemeji tuliupita mara mbili.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu amekaa, jiko limezimwa.

"Mlikuwa mmembeba nani?" akaniuliza.

"Klabu. Ni mchezo tu."

"Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni. Ukampita na jeneza mbele ya uso wake. Unadhani yeye aliona klabu?"

Siku tatu nilikula mihogo ya kuchemsha kwa jirani, nikajiambia kuwa wanawake hawaelewi mpira.

Msimu ukaanza. Wachezaji wawili wa stesheni walikwenda Mwadui kutafuta kazi mgodini, mwingine akarudi Ushetu kulima tumbaku, waliobaki wakakaa bila kucheza. Sisi tukawa mabingwa wa mji bila kutoka jasho. Tulicheza na timu ya walimu, tukashinda. Tukacheza na timu ya makarani, ambao walifika tisa, tukashinda tena. Mashabiki walikuja mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu walikuja mama muuza maandazi, wazee wawili, na mtu mmoja aliyekuwa akimtafuta mbuzi wake. Mama wa maandazi alitutazama kwa dakika chache, akajitwisha beseni lake akaondoka. "Nikitaka kuona watu wanakimbia peke yao," alisema, "nitakaa nyumbani niwaangalie kuku."

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba tulianza kugombana sisi kwa sisi. Ilikuwa kama kila mmoja wetu alikuwa na akiba ya matusi, na aliyestahili kuyapokea hayupo. Mafundi cherehani wakasema vibarua wananuka mafuta ya mashine. Vibarua wakasema mafundi wanapunja kitambaa. Golikipa alipigana na msaidizi wake. Tulipofungwa zamani tulikuwa tukiwalaumu stesheni kwa ushirikina, na wa kubebeshwa lawama alikuwa karibu. Sasa ukikosa bao ulikuwa umekosa wewe.

Katikati ya hayo tukaalikwa Geita, kucheza na timu ya wachimbaji wa dhahabu. Mwenyekiti alituhutubia njia nzima juu ya lori, vumbi likimjaa mdomoni, kuhusu heshima ya bingwa. Wachimbaji wale walikuwa wametoka kila pembe ya nchi, vifua kama milango. Walitufunga saba. Bao la tano lilipita katikati ya miguu yangu nikiwa bado nauliza mpira uko wapi.

Baada ya mchezo walitupa chai na mkate, kapteni wao akaja kukaa nasi kwa adabu. "Wenzenu wa stesheni wako wapi?" akauliza. "Tulipotuma barua tulidhani mtachanganya timu. Wale ndio tuliosikia sifa zao."

Mwenyekiti alijibu kwamba wale walikufa.

"Poleni sana," akasema yule kapteni, na uso wake ulionyesha kuwa amedhani ni ajali ya treni. Hakuna hata mmoja wetu aliyemsahihisha.

Tuliporudi, kamati ilikutana, na baada ya mabishano marefu ikaamua jambo ambalo kila mtu alikuwa analitaka na hakuna aliyetaka kulitamka: tuwaombe stesheni waamke. Wakanitazama mimi. Beki mbovu kumbe alikuwa na faida, alikuwa na shemeji.

Nilikwenda na mwenyekiti. Tulimkuta shemeji amepindua baiskeli, anatafuta tundu kwenye mpira wa ndani kwa kuuzamisha kwenye karai la maji.

"Mwadila," nikamwamkia kwa Kisukuma, nikitumaini lugha ya nyumbani itamlainisha.

"Mwadila," akaitika bila kuinua kichwa.

Mwenyekiti akaanza hotuba. Alitaja udugu, ujirani, maendeleo ya vijana. Shemeji alimwacha amalize, akafuta mikono.

"Shemeji," akaniambia mimi, si mwenyekiti, "ninyi mnataka nini hasa?"

"Tunataka mcheze nasi."

"Hatuna jezi. Jezi zetu golikipa wenu anafutia baiskeli. Hatuna mpira. Ngoma mnayo ninyi."

"Tutawapa," akasema mwenyekiti haraka mno.

"Mtatupa. Sawa. Lakini mlituzika mchana, watu wakiona. Basi mtufufue mchana. Jeneza lile lile, wabebaji wale wale, mlango kwa mlango. Na mnyamaze."

Mwenyekiti aliomba angalau yeye asamehewe, kwa cheo chake. Shemeji alirudia kazi yake ya kutafuta tundu.

Tukabeba. Mabua ya kwanza yalikuwa yameliwa na ng'ombe, ikabidi tutafute mengine. Mwenyekiti alipewa ngoma aibebe mgongoni bila kuipiga. Jua lilikuwa kali, na mji mzima, ambao haukuja kutuona tukicheza na makarani, ulikuja kutuona siku ile. Niliwaona hata walimu. Wanawake wa stesheni walisimama milangoni wakatupigia vigelegele kwa kila hatua, na bibi mmoja alinisimamisha, akafunua kanga, akachungulia ndani ya jeneza kwa makini. "Anapumua," akawaambia wenzake. Nilipofika mlango wa shemeji nilitua mzigo, nikamwomba radhi mbele ya watu. Alinipa mkono. Hakusema kuwa yameisha, ila alinipa mkono.

Mechi ilichezwa wiki mbili baadaye. Watu walijaa hadi wengine wakapanda juu ya mabehewa. Stesheni walikuja na jezi zenye madoa ya grisi, wengine peku, na mchezaji mmoja wa umri wa baba yangu. Walitufunga mawili kwa moja. Bao la pili lilikuwa la kuotea, nalisema hata leo. Dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, aliyekuwa refa, alikataa kulifuta, tukamzunguka, ngoma ikawa inapigwa masikioni mwetu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze fundi na kibarua wa klabu yetu walishikana mikono, ili wamsukume refa vizuri.

Mke wangu alirudi nyumbani amepotewa na sauti kwa kushangilia. Aliniwekea ugali na nyama, akaketi kunitazama ninavyokula.

"Ilikuwa ya kuotea," nikamwambia.

"Kula," akasema.

Jumatatu kamati yetu ilikaa kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa stesheni wasiazimwe tena pampu yetu ya mpira. Ilipita bila mtu kupinga, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.