Alikula Nini

Mpokeaji wa paka katika kliniki hii ya mifugo aliajiriwa Machi 2014, na hana desturi ya kumuuliza mtu kama paka wake amekula. Anauliza alikula nini. Anauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla jua halijapanda, huku mikono yake, iliyojaa makovu ya kucha hadi viwikoni, ikipapasa tumbo la mnyama. Leo yuko na babu mmoja aliyemleta paka jike kufungwa kizazi, ndani ya kikapu cha nguo.

“Alikula nini, babu?”

“Hajala. Si mlikataza?”

“Alikula nini?”

Babu anajikuna kidevu. “Kipande cha samaki tu, binti yangu. Alinililia usiku kucha.”

“Nusukaputi haijui huruma, babu. Angetapika akiwa usingizini, samaki huyo angemkaba, ukarudi na kikapu kitupu.”

“Basi nimemuua?”

“Bado.” Anaketi, anafumba macho kidogo. “Mlete kesho na njaa yake. Wewe usiku kalale kwa mwanao, usimsikie akilia.”

Babu anabeba kikapu chake. Jike huyo atapasuliwa kesho, wa kwanza mezani, ili asikae na njaa muda mrefu.