Mtoto Aliyekula Akaondoka

Kwetu Morogoro mimi ni mwalimu wa chekechea ambaye hakuna anayemtazama mara mbili. Mume wangu alipopata kazi kwenye shirika la misaada na kutuhamishia Goma, niliamka asubuhi moja nikajikuta ni expatriée, yaani mgeni wa mashirika. Nilikuwa na mlinzi getini, redio ya mawasiliano kando ya kitanda, na kitabu kizima cha sheria za namna ya kutoka nyumbani. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kwa miguu hatutoki.

Kwa gari tulitoka sana. Jumapili moja gari jeupe lenye antena ndefu lilitupeleka kwenye hoteli iliyo kando ya Ziwa Kivu. Jumapili iliyofuata lilitupeleka kwenye hoteli nyingine iliyo kando ya Ziwa Kivu, tukaitazama ile ya kwanza kutoka ng'ambo. Mara moja, baada ya barua nyingi, tulifika hadi Rumangabo kwenye makao makuu ya hifadhi ya wanyama, ambako binti yetu wa miaka minne alielezwa kwa kirefu habari za sokwe wa milimani, akasinzia. Picha tulizotuma nyumbani zilikuwa nzuri mno. Mama yangu aliwaonyesha wanakwaya wenzake, akawaambia mjukuu wake anaijua Kongo yote. Mjukuu alikuwa anaijua kupitia dirisha la gari, tena dirisha tulilokatazwa kulishusha.

Rafiki yake pekee mjini alikuwa mama aliyemlea mchana, mwanamke wa makamo ambaye familia yake ilitoka Rutshuru na kujenga Munigi, nje kidogo ya mji. Siku moja alinifuata jikoni, akafuta mikono kwenye kitenge chake kama mtu mwenye habari.

"Mama, mutoto wangu amezala. Mutoto mwanamuke. Samedi tunamupa jina. Batoto ba quartier banakuya, banakula pamoja, kisha kila mutoto anamuita jina yenye anapenda. Minaomba na mutoto wetu akuye."

Huyo "mutoto wetu" alikuwa wangu. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Mwaka mzima nilikuwa nimetaka kitu kimoja tu katika mji ule: binti yangu aingie kwenye nyumba ya watu, akae chini na watoto wa mtaa, na watakapotawanyika awe amehesabiwa kuwa mmoja wao. Sasa alikuwa ameitwa, na alikuwa na kazi ya kufanya: kumpa mtoto mchanga jina.

Kwanza ilibidi kujaza fomu ya safari ya Jumamosi hiyo. Kwenye sehemu ya lengo mume wangu aliandika "sherehe ya kumpa mtoto jina". Fomu ilirudi: lengo hilo halimo kwenye orodha. Akaandika "mkutano wa jamii". Ikarudi tena: taja matokeo yanayotarajiwa. Akaandika, kwa mkono uleule uliosaini cheti chetu cha ndoa, kwamba matokeo yanayotarajiwa ni jina. Tukapewa dakika tisini.

Binti yangu alitumia wiki nzima kutafuta. Alijaribu Sabuni, akajaribu Bembea, mwisho akatulia kwenye Marakuja, ambalo ndilo neno la Goma kwa lile tunda tunaloliita pasheni. Hakukubali kushauriwa. Alimwambia mlinzi, akamwambia dereva, akajiambia mwenyewe bafuni.

Mimi nami nilijiandaa kama expatriée aliyekwisha kufuzu. Kabla ya kutoka nilimshindilia uji na mayai mawili ili asitamani chakula cha watu. Kisha nikafunga kikasha chake chenye mkate na jibini, maji ya chupa, na dawa ya kupaka mikononi. Yaani nilikuwa nampeleka mtoto kwenye shughuli ambayo kiini chake ni watoto kula pamoja, na nilikuwa nimehakikisha kwamba wangu hataweza kula. Wakati ule niliona nina akili sana.

Ua wa nyumba ile ulikuwa mawe meusi ya volkano, makali, ya kumaliza viatu. Watoto kama kumi na watano walipewa vijembe, kwa sababu desturi ni kwamba walime kidogo kwanza. Wakalima kijishamba cha ukubwa wa mkeka, kwenye udongo ulioletwa kwa magunia, na kila aliyezidisha bidii aligonga jiwe. Halafu mlezi wetu, ambaye siku hiyo alikuwa bibi wa mtoto na amevaa kitenge kipya, akawanyunyizia maji kwa kitawi huku akipiga kelele kwamba mvua imefika. Watoto wakakimbilia ndani wakicheka. Wangu alikuwa wa tatu kuingia, na kiatu kimoja alikiacha shambani.

Ndani palikuwa na ungo mkubwa uliotandikwa majani ya mgomba, umejaa maharage yaliyopondwa na mboga na viazi. Baba wa mtoto aliomba sala fupi. Nilikuwa bado napapasa dawa ya mikono kwenye mkoba niliposikia amina, na nilipoinua macho binti yangu alikuwa ameshazamisha mikono yote miwili kwenye ungo. Alikula kama mtu ambaye hajawahi kuonja uji wala yai. Kwa aibu nikafungua kikasha na kukitia katikati. Msichana mmoja alichukua kipande cha jibini, akakinusa, akakirudisha kwa adabu kubwa. Nilitokwa na machozi na nikasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa nje.

Ndipo majina yakaanza. Mama mzazi aliketi kwenye kiti na mtoto mapajani, watoto wakasimama mstari. Wa kwanza alimwita Sukari. Wa pili akamwita Ministre, yaani waziri, watu wakapiga makofi. Kulikuwa na watoto wanne mbele ya binti yangu, naye midomo ilikuwa inacheza, anarudia jina lake asije akalipoteza, wakati dereva alipochungulia mlangoni, redio mkononi.

"Mama, minaomba pardon. Base inaita. Magari yote inapashwa kurudia sasa hivi."

Wengine mtasema ningeomba dakika mbili. Ningeweza. Lakini mwaka mzima wa kutii redio unamfanya mtu asimame kabla hajafikiri, na mimi nilisimama. Nilimtoa mtoto kwenye mstari akipiga mateke, mikono imejaa maharage, huku nikiwaomba radhi watu wote kwa mpigo. Barabarani alilia mpaka akatapika. Jioni tulielezwa kwamba lilikuwa zoezi la kupima utayari, na gari letu likapongezwa kwa kurudi upesi.

Jumatatu mlezi alimkuta amenuna, akamkumbatia. "Nyamaza, mama. Ile jina nitaifikisha miye." Tangu hapo kila asubuhi binti yangu alimwuliza kama Marakuja amelala vizuri, akajibiwa kwamba amelala vizuri. Marakuja alicheka, Marakuja aliota jino. Nilijihesabu nimesamehewa.

Miezi mitano baadaye yule mama mzazi alipita nyumbani kwetu akitoka kliniki, mtoto mgongoni. Binti yangu alitoka mbio akiita, "Marakuja! Marakuja!" Mwanamke yule aligeuka kutazama nyuma yake ni nani anayeitwa.

Mlezi aliinamisha kichwa. Nilianza kujitetea juu ya siku ile, redio, sheria, zoezi, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujichukia. Mama mzazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna shida, mama. Tuliona gari inaenda. Tulisema tu, huyu alikula na hakuita." Akamshusha mtoto, akakaa barazani, akamgeukia binti yangu. "Kuya umuite sasa. Ulikula, ni haki yako."

Binti yangu alisogea. Nilimvuta mlezi kando na kumwuliza kwa nini hakulifikisha. Swali lilinitoka kwa ukali, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Mama, nimelea batoto bane ba ma-expatrié mbele ya huyu," alisema. "Bote balienda. Kama ningefikisha ile jina, kwetu bangeita Marakuja kila siku. Na huyu wako akienda, miye njo nabakia kuisikia."

 Barua ya uhamisho wa mume wangu ilikuwa imefika wiki ile, na nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia mlezi. Barazani binti yangu alikuwa ameinamia sikio la mtoto, analirudia jina lake polepole, mara ya tatu, mara ya nne. Mlezi alisikiliza kidogo, kisha akaenda uani kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.