Khanga Iliyokuja na Fremu

Jamani, hii aibu nimeshaichoka, afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kariakoo wakiitia chumvi.

Mimi nauza khanga. Mwaka wa kumi na moja huu nina meza yangu barazani, mbele ya duka la mtu, na kila siku ya Mungu nawaambia wateja neno moja mpaka koo linakauka: "Mama, usiangalie maua tu, soma jina kwanza." Kwa sababu ua lile lile kiwandani wanaliandikia maneno tofauti, safari hii dua, safari ijayo matusi, ukikurupuka unampelekea wifi yako ugomvi. Sasa mimi mwenye kusema hayo ndiye niliyeagiza khanga Ulaya (ndiyo, muuza khanga wa Kariakoo kaagiza khanga Ulaya, chekeni mmalize).

Chanzo ni pasi. Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuja kukaa kwetu Buguruni wiki moja, akaniomba nimnyooshee khanga yake ya Idi. Alipewa na marehemu baba mkwe, korosho nyekundu pindo jeusi, jina lake "Nimekuchagua wewe", na kipande cha pili kilishaishia mgongoni kubebea watoto, mume wangu Shabani akiwa mmoja wao. Umeme ukakatika, nikaiacha pasi palepale juu ya khanga, nikatoka kununua nazi, nikapiga na soga mbili tatu, umeme ukarudi. (Niliyoyakuta sisemi, ila moshi ulinitangulia kufika kwa jirani.) Katikati ya khanga pakabaki alama ya pasi, nyeusi, imekaa sawasawa. Mama hakugomba. Angegomba ningeshukuru. Aliikunja khanga yake akarudi kwake Ilala, na tangu siku hiyo, miezi saba, nikimwambia "Shikamoo mama" ananijibu "Marahaba", basi, neno la pili anamwekea mtu mwingine. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Duka la pili kutoka mezani kwangu yupo Mama Hansa, anauza vitambaa, kwao Upanga, na anakusanya sarafu za zamani ambazo huwa anazinunua kwenye minada ya mtandaoni. Ndiye aliyenifundisha. Siku ya tatu ya kutafuta nikaiona: korosho nyekundu, pindo jeusi, yenyewe! Bei dola tisa. Mama Hansa akaniambia, "Dada, angalia usafiri kwanza. Vitu vyenyewe bei ya karanga, kwenye usafiri ndo wanakula. Shuka chini usome."

Nikamwambia nasoma. Sikusoma. Saa ya mnada ilikuwa inahesabu sekunde, na kuna mtu mwingine huko duniani naye anaitaka khanga ya mama mkwe wangu, nikaona haiwezekani, nikabonyeza, akapanda, nikabonyeza tena, nikashinda kwa dola kumi na nne na kujipigia kigelegele mwenyewe. Ndipo nikashuka chini. Usafiri: dola tisini na sita.

Nikajua wamekosea. Nikamwandikia muuzaji kwa ile programu ya kutafsiri kwamba khanga ni nyepesi, aikunje aitie kwenye bahasha. Akanijibu kwa Kiswahili cha mashine: "Habari mpendwa, kitambaa kinaishi ndani ya fremu na kioo, sanduku ni kubwa." Kumbe wenzetu khanga wanaitundika ukutani! Nikamwambia fremu abaki nayo. Akasema hauzi nusu nusu. Mama Hansa alinisihi niache, lakini mimi nilishaiona sura ya mama akiniitikia salamu na neno la ziada, nikachukua hela niliyoiweka ya mzigo wa Idi, nikalipa.

Sasa sikilizeni. Sanduku lilipofika, wakala wa mizigo akanipigia simu nikiwa na wateja, barabarani makelele, ikabidi na mimi nipaze sauti: "Ndiyo, fremu ni yangu! Kubwa, ndiyo! Nimeshalipia yote!" Na Kariakoo ukitamka fremu hakuna anayefikiria picha ukutani. Fremu ni chumba cha duka, kitu ambacho watu wanakililia miaka. Sijarudisha simu kwenye pochi wameshanizunguka. "Hongera shoga, yaani kimya kimya!" "Fremu ya upande gani?"

Nilitakiwa kusema palepale. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mwenye duka ninayekaa barazani kwake, ambaye miaka yote ananiita "wewe wa meza", akanitolea kiti na kuniita Bi Mwajuma, na miguu ilikuwa inaniuma, nikakaa. Siku mbili nzima nimekalia kiti kile najibu, "Mungu mwema, mtaiona tu."

Siku ya tatu sanduku likaja kwa guta, linashushwa tu, na bajaji ikasimama nyuma yake. Akateremka mama mkwe na wenzake watatu wa kikundi chake, wamevaa sare, mmoja kashika ubani. Habari zilikuwa zimeshafika Ilala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mwajuma. Mwenzio nimekuja kukuombea dua. Fremu iko wapi?"

Miezi saba nayasubiri maneno hayo! Nikalionyesha sanduku. "Mama, fremu... ndiyo hii."

"Ndo hiyo?" akauliza mwenye duka, akakiangalia kiti chake. Ikabidi niyatoe yote mbele ya watu, pasi, mnada, dola, mpaka nikahisi nasimulia habari za mtu nisiyempenda. Sanduku likafunguliwa, mama akagusa kioo juu ya zile korosho, uso ukalegea. "Hii kweli ni yangu," akasema taratibu. "Itoeni niishike."

Dereva wa guta akang'oa misumari kwa koleo. Khanga ilikuwa imekunjwa, nusu ya chini imefichwa nyuma. Mama akaikunjua, akainyoosha, na yeye ana mazoea ya kusoma kwa sauti, baraza zima likasikia:

"Mtasema mchana, usiku mtalala."

Waliokuwa wakisema siku mbili wakaangaliana. Mama mwenyewe, aliyeieneza habari ya pasi Ilala nzima, akaisoma tena kimoyomoyo. Mwenye ubani akaurudisha mkobani. Mwenye duka akachukua kiti chake.

"Mama, wallahi sikusoma jina."

"Na wewe ndo muuza khanga," akasema. Akaikunja vizuri, akanitupia begani, halafu akaigonga ile fremu kwa kidole. "Mbao nzuri lakini. Hii nachukua." Wakaondoka nayo wameipakata wote wanne.

Minada mimi basi. Na kitu chochote chenye maandishi chini, siku hizi naanzia kusoma hukohuko chini. Khanga ile navaa nikipika, Shabani akianza kunisema namgeuzia mgongo asome.

Idi tukaenda Ilala. Sebuleni, juu ya televisheni, ndani ya fremu yangu ya dola tisini na sita, mama katundika khanga yake ya zamani, alama ya pasi katikati, nyeusi, na chini yake maandishi yote yanaonekana: "Nimekuchagua wewe". Kila mgeni anauliza kulitokea nini, na mama anajibu, "Muulizeni mkaza mwanangu huyo, ndo fundi." Nami nasimulia tangu mwanzo, mgeni baada ya mgeni, mpaka pilau likanipoa.

Jioni nikamfuata. "Mama, sasa ndo nimesamehewa?"

"Mbona zamani," akasema, akanipa kitambaa. "Hebu panda kwenye kiti, hicho kioo kina vumbi."

Nikapanda, nikapangusa.