Lori Lililorudi Limejaa

Wapo watakaoniuliza mimi, mke wa mtu, nilitafuta nini juu ya lori pamoja na wanawake wa Mazinde. Nilitumwa. Wakati ule nilikuwa Bibi Maendeleo, kazi yangu kufundisha akina mama uji wa watoto na kufuma sweta, na pale Lushoto Bibi Maendeleo alitumwa kila mahali ambako wanaume waliona haya kuonekana mchana.

Mambo yalikuwa hivi. Mazinde, barabarani chini ya milima, waliishi wanawake waliopanga vyumba na kupokea wasafiri wa kiume. Kila mgeni mkubwa alipotarajiwa kupita, walisombwa kwa lori; akishapita, walirudi. Kamati yetu ya maendeleo pale Lushoto ikaamua kulimaliza jambo hilo, na papo hapo ikagawanyika. Upande mmoja, niliowaita watu wa lori, walisema biashara ile ni unyonyaji mtupu, wanawake hao wapakiwe wakalime katika kijiji cha ujamaa. Upande wa pili, watu wa kibali, walisema heri iruhusiwe kwa utaratibu: wapewe vibali, wapimwe magonjwa kila mwezi. Walibishana mpaka chai ikapoa, ingawa kwa baridi ya kule juu chai haihitaji ubishi mrefu. Mwisho wakakubaliana kwamba wachache wapelekwe Mnazi, kijiji cha ujamaa upande wa pili wa milima, kwa majaribio. Kijiji kikiwapokea, watu wa lori wameshinda. Kikiwakataa, kibali kitajadiliwa. Hakuna aliyependekeza wanawake wenyewe waulizwe, na mimi niliyekuwa naandika muhtasari sikupendekeza pia.

Asubuhi ya safari tuliondoka Lushoto kwenye ukungu, mimi nimevaa sweta mbili. Dereva, Mzee Juma, aliziteremka kona za Soni akinung'unika kwamba amebeba kabichi, amebeba mbolea, amebeba hata maiti, lakini mzigo wa leo hajui atamwambia nini mkewe.

"Mwambie umembeba Bibi Maendeleo," nikasema.

"Hilo ndilo litakalomtia wasiwasi zaidi."

Tulipofika Mazinde nilikuwa nimeshazivua sweta zote. Viongozi wa pale walikuwa wametuandalia wanawake sita, wameketi kibarazani na mabunda yao. Mkubwa wao aliitwa Zaina, Msambaa wa Mlalo, mnene, mtulivu, ameshika mto wa kukalia. Alinizidi umri, nami nikamwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, dada."

Mzee Juma akakohoa. Zaina alinitazama kwanza, akadhani namchezea, kisha akaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

"Huo mto wa nini?" nikamuuliza.

"Hili si lori langu la kwanza, mwanangu. Mbao zake nazijua kuliko dereva."

Njiani tulipita Mkomazi, tukaizunguka milima mpaka upande wake wa pili, vumbi likituingia hata kwenye meno. Nilikaa nyuma na wanawake maana mbele palikuwa na joto la injini. Nikamuuliza Zaina anachotaka yeye, kibali au shamba.

"Kulima najua, nimezaliwa nalima. Na kibali wakinipa nitakipokea. Ila ninachokitaka hasa ni kimoja. Nikiumwa nitibiwe bila kutukanwa. Pale zahanati yetu mganga hunipangia mwisho hata nikifika wa kwanza, halafu huniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani hiyo kaswende nimeipata wapi. Kama hajui inapopatikana! Siku nyingine naacha tu, narudi na ugonjwa wangu bila dawa. Kuna mwenzetu alifanya hivyo mpaka tukamzika."

 

Alasiri tuliingia Mnazi. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea kwa hotuba juu ya jembe, hotuba ndefu kwa mtu ambaye viganja vyake vilikuwa laini namna ile. Tukaletewa ugali na kunde, maana mgeni hafukuzwi kabla ya kula. Tulipokwisha kunawa tu, ubishi ukaanza. Wanaume wa Mnazi, nashangaa kusema, waliona kijiji kina nafasi ya kutosha. Mmoja alijitolea hata kuwajengea wageni vibanda karibu na kwake.

Wake zao hawakuona nafasi hiyo.

Ndipo akasimama Mama Elia, kiongozi wa kwaya ya Kilutheri, mwanamke mwembamba ambaye mwenyekiti mwenyewe alimwogopa. Nikajua sasa tunafukuzwa kwa nyimbo. Lakini alimgeukia Zaina.

"Dada, wewe ukiumwa unatibiwa wapi?"

"Zahanati ya Mazinde. Nikishatukanwa."

"Basi umenishinda. Mimi sijatibiwa popote. Nimezika vichanga, na mimba nyingine zimetoka. Mume wangu husema ni tumbo langu baya. Yeye kila msimu wa kuuza mahindi hushuka Mazinde, akirudi amechoka sana." Akatugeukia sisi tuliokuja na lori. "Mnabishana huyu apimwe au afukuzwe. Mimi nimeulizwa na nani? Waume zetu wameulizwa na nani?"

Mume wake alikuwapo. Alianza kuifunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa ndala. Hakuna aliyecheka. Zaina alikuwa ameufunika uso wake kwa khanga, na alipoufunua alisema tu, "Pole, mama. Pole sana. Mganga namjua. Nitakupeleka."

Kulipopambazuka nilifika kwenye lori nikawakuta wanawake wangu sita wamekwisha kupanda, na wake wa Mnazi wanapanda nyuma yao, mmoja anamvuta mwenzake mkono. Mwenyekiti alikuja mbio.

"Ninyi mnakwenda wapi? Shamba la ushirika nani atapalilia?"

"Si ndiyo ujamaa, ndugu Mwenyekiti?" akasema Mama Elia kutoka juu. "Leo zamu yenu."

Mzee Juma alinitazama. Nilimwambia awashe gari. Nilitumwa kupeleka wanawake Mnazi, nami nikawa narudi na zaidi ya niliowapeleka.

Mazinde, mbele ya zahanati, walishuka wote wamejaa vumbi moja, khanga zimefungwa namna moja, wakakaa kwenye benchi kama walivyoshuka. Mganga alitoka na sauti yake ya kila siku, akaanza, "Haya, ninyi ma..." Kisha akamwona Mama Elia amemkazia macho, akamwona mwingine amebeba kitabu cha nyimbo. Alilitazama benchi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alimtambua Zaina tu, maana wenzake walikwisha kuacha kuja kwake; waliobaki, nani wa Mazinde na nani mke wa mtu, hakuweza kuwatenganisha, na hakuthubutu kuuliza.

"Shikamooni," akasema. Akamgeukia Zaina, wa kwanza kwenye benchi. "Karibu ndani, mama."

Zaina aligeuka kutazama nyuma ni nani anayeitwa. Mama Elia akamsukuma kidogo begani, na Zaina akaingia.

Mganga aliponiona nimesimama pembeni na mkoba wangu wa kazi, akaniletea kiti kivulini. Nilikaa kidogo. Mume wangu ni dereva wa lori la mboga, hulala Mazinde kila anaposhusha mzigo, nami miaka yote ile nilifundisha wenzangu uji bila kujiuliza neno. Niliogopa, sitaficha. Nikakirudisha kiti, nikaenda kukaa mwisho wa benchi.

Nilirudi Lushoto, nikaisimulia kamati kama nilivyowasimulia ninyi. Watu wa lori walisikitika kwamba petroli imekwisha bure. Watu wa kibali walifurahi, wakasema sasa imethibitika: wanawake wa Mazinde watengewe siku yao, Alhamisi, wapimwe peke yao, wasichanganyike na wake za watu. Nilichojifunza katika safari ile ni kwamba sheria ya kumhusu Zaina peke yake haipo. Ikitungwa iwe ya kumfukuza, iwe ya kumruhusu, inaingia mpaka chumbani kwangu, na afadhali niwepo inapoandikwa.

"Bibi Maendeleo, andika basi," akasema Mwenyekiti wa kamati. "Alhamisi."

"Naandika, ndugu Mwenyekiti. Na mimi Alhamisi hiyo nitakuwapo foleni, pamoja na mume wangu. Niwaandike na ninyi?"