Chai kwa Mtani, Usaili Jumatatu

Barua iliniita kwenye usaili Jumatatu asubuhi, katika ghala moja la mizigo kule Kurasini. Nafasi ilikuwa moja tu, ya ukarani. Nilikuwa nimekwisha kukataliwa mara mbili kwingine, na nilijiapia kwamba nikikataliwa mara ya tatu nitarudi shamba kulima mihogo, kazi ninayoichukia mpaka leo. Zilikuwa siku za Mwingereza, miaka michache baada ya vita, na sisi tuliomaliza darasa la nane tulijiona wasomi wa kupindukia.

Aliyeleta barua alileta pia maneno ya mdomo. Karani mkuu wa ghala lile, ambaye ndiye aliyetuchagua tulioitwa, alitualika sote chai nyumbani kwake Kinondoni, Jumamosi alasiri, tuonane na kufahamiana. Si lazima, tuliambiwa. Kila aliyewahi kuomba kazi anajua maana ya si lazima.

Tabu yangu ni kwamba karani mkuu alikuwa Mnyamwezi na mimi Mzaramo. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, nawe una wajibu wa kumrudishia na nyongeza juu, na hakuna ruhusa ya kununa. Hayo ni matamu msibani na harusini. Sasa mtu aliyeshika kazi yako mkononi, unamtukanaje?

Mama hakuona tabu yoyote. "Nenda kamtukane vizuri," aliniambia huku akipepeta mchele. "Ukimnyamazia ndo utakuwa umemkosea."

Mjomba, ambaye ndiye mwenye koti nililotaka kuliazima, alipinga. "Usiende. Utamjibu, watu watacheka, naye Jumatatu atakumbuka. Na koti langu haliendi kutukanwa Kinondoni."

Nilikaa siku mbili sina raha. Nisipokwenda, atasema ninaringa. Nikienda nikamjibu, nimemtukana mkubwa wangu kabla hajawa mkubwa wangu. Jumamosi yenyewe nilivaa koti, ambalo Mama alimlazimisha mjomba kulitoa, nikalivua, nikalivaa tena, nikafika barabarani Temeke, nikarudi nyumbani kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Nilipotoka tena nje, Mama akafunga mlango kwa ndani nisirudi. Ndivyo nilivyoamua kwenda.

Kufika tu mlangoni kwa karani mkuu, akapaza sauti kutoka kitini: "Nani kamfungulia huyu Mzaramo? Ficheni vikombe!"

Wageni wakaangua kicheko, kisha wakanigeukia, wakingojea jibu. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo majibu saba, niliyoyatunga njia nzima. Lakini nilipomtazama pale kitini niliona mtu mzima mwenye miwani na kalamu mfukoni, na mihogo ikanipita machoni. Nikainama, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Kicheko kikakatika. "Marahaba," akanijibu taratibu, akamgeukia mwingine. Hakunisemesha tena alasiri yote. Nilishika andazi moja karibu saa nzima, nikaondoka nalo mfukoni mwa koti la mjomba.

Jumatatu nilimkuta ameketi kando ya mzungu mwenye ghala. Mzungu aliniuliza maswali yake kwa Kiingereza, nikajibu vizuri tu. Halafu akamwuliza karani mkuu kama ananifahamu.

"Simfahamu, bwana," akasema. "Alikuja kwangu kama mgeni, akaondoka kama mgeni."

Iliniuma. Nilikasirika pia, kwa sababu ilikuwa kweli. Kiingereza chote kikanitoka kichwani, na kabla sijajizuia nilikuwa nimekwisha kusema kwa Kiswahili: "Sikiliza, Mnyamwezi! Babu yako alifika pwani na mzigo kichwani, babu yangu ndiye aliyemwonyesha pa kuutua. Leo umepata kiti, unajifanya hunijui?"

Nikaanza kufikiria jembe. Mzungu akauliza nimesema nini.

Karani mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Anasema, bwana, ukoo wake una uzoefu wa siku nyingi katika kupokea mizigo."

Mzungu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kitu, akaniambia ningoje nje. Nikangoja ukumbini. Baada ya muda karani mkuu akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Jumamosi ulikuwa na nini weye? Mie nilidhani umekufa, nikawa natafuta wa kusaidiana naye kukuzika."

"Ungenizika vibaya," nikamwambia. "Mnyamwezi kaburi atalichimbia wapi, kama si njiani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta, mpaka mzungu akafungua mlango kuchungulia kuna nini. Karani mkuu akajifuta macho, akamwambia kwamba anamwonyesha karani mpya meza yake.

Nilimfuata nikiwa nimeuma midomo, maana machozi yalikuwa yamenifika, na sikutaka mtani wangu ayaone.